Jibu la Mnormani

Jumatatu, 3 Oktoba
Torunn anaondoka Jumamosi! Vioo vya kanisa amemaliza kuvitengeneza, anarudi kwao Norwei. Mwaka mzima amepanga chumba kwetu, mwaka mzima nampenda kimyakimya. Dada yangu Perrine anasema moyo wangu ni kobe. Nikamwambia kobe naye hufika. Akauliza: lini?
Nina mpango.

Jumanne, 4 Oktoba
Nimekwenda maktaba. Kamusi inasema wazi: Mnormani, kama sisi wa huku, asili yake ni mtu wa kaskazini. Babu zetu walitoka kwao Torunn kwa mashua, wakapora nyumba za watawa, wakaonja matufaha yetu, wakabaki. Kwa hiyo akibaki hapa yuko kwao! Nani atapinga? Perrine amepinga. Ati nikishakuwa ndugu yake nitamwoaje.

Jumatano, 5 Oktoba
Nimemweleza Torunn wakati wa chai. Akafurahi, akauliza jina letu, Lemoine, lina maana gani. Kabla sijameza mkate, Anquetil mchinjaji, aliyeleta soseji (nani alimkaribisha kukaa?), akadakia kwamba ni mtawa! Ati mimi ni wa ukoo wa walioporwa. Anquetil ndilo jina la kaskazini, limekuja na mashua zenyewe. Torunn alicheka mpaka akashika meza.
Soseji nimeacha kula.

Alhamisi, 6 Oktoba
Ushahidi! Nilinyoosha mundu wa babu kwa nyundo, nikaufukia chini ya mtufaha, kisha nikamwita Torunn tuchimbe. Upanga wa mababu! Akaupangusa taratibu kwa aproni yake. Ukatokea muhuri wa kiwanda, na mwaka 1931. Hakunicheka. Alisema atanikumbuka sana. Bora angenicheka.

Ijumaa, 7 Oktoba
Tumeokota matufaha, sisi wawili tu, manyunyu yakitulowesha. Akasimama na kikapu. Parokia jirani imemwomba abaki mwaka mwingine, hajawajibu. Akanitazama machoni: Gervais, unataka nibaki?
Mungu wangu! Nilitaka kupiga magoti kwenye tope. Lakini kwetu Wanormani nani aliwahi kujibu swali moja kwa moja? Si baba, si babu, hata padri wetu ukimwuliza kama pepo ipo anatazama kwanza mawingu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema: huenda ndiyo, huenda siyo.
Akatua kikapu. Akasema polepole: "Kumbe kweli wewe ni Mnormani."
Hatimaye amekubali! Mbona basi machozi yalimlengalenga?

Jumamosi, 8 Oktoba
Amekwenda. Anquetil ndiye aliyembebea mizigo hadi kwenye treni. Mimi nilipunga mkono, akapunga, treni ikakata kona. Chumbani kwake ameacha kipande cha kioo cha buluu dirishani. Nimekaa kitandani hapo mpaka chakula kikapoa. Nimemkosa, jamani, nimemkosa.

Jumatatu, 24 Oktoba
Kadi kutoka Norwei! Ananikumbuka. Kwao hakuna tufaha lenye ladha kama yetu. Mama yake ameandaa chumba cha mgeni kwa Krismasi: je, nitakuja? Anaomba jibu la wazi, safari hii.
Nimelia kama mtoto. Nitakwenda hata kwa miguu! Perrine kaniwekea kalamu mkononi, stempu mezani, kaniambia niandike neno moja tu, ndiyo, nisiongeze kitu.
Saa nzima nimefikiri. Mtu asionekane ana pupa. Sanduku la safari nimelishusha darini, shati nimepiga pasi, kadi ya jibu nimeitia posta kwa mkono wangu.
Perrine hanisemeshi. Sijui kakasirika nini. Nimemwandikia Torunn vizuri kabisa, kwa mwandiko wangu wa sikukuu: huenda ndiyo, huenda siyo.