Wanga kwenye Joho la Mfalme

Jumatano, 3 Juni
Amekubali! Muuguzi wa zahanati ya jirani, ambaye nimempigia pasi sare zake mwaka mzima nikitafuta la kumwambia, atatoka nami Jumamosi. Mchana mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, jioni mkahawa wa Kituruki. Alisema wazi: siku hiyo ikimridhisha tutaendelea, isipomridhisha nipige pasi na kunyamaza. Tiketi ni zawadi ya ukumbi, kwa kuwa duka la shangazi, ninakofanya kazi, ndilo linalofua nguo za waigizaji. Nimemwambia ni kwa sababu ya ukaribu wangu na wasanii. Wasanii gani? Nawajua kwa makwapa ya mashati yao tu.

Ijumaa, 5 Juni
Wazo! Joho la mfalme wa mchezo huo liko mikononi mwangu. Shangazi ameniagiza niweke wanga kidogo kwenye kola ili isimame, basi. Shangazi hana maono. Nimelizamisha lote kwenye ndoo ya wanga. Lilipokauka lilisimama sakafuni bila mtu ndani, nikalipigia saluti. Nimemtumia Muuguzi ujumbe: amtazame mfalme kwa makini, kazi ile ni ya mkono wangu. Nimejifunza pia asante kwa Kituruki. Nimeisahau, lakini itarudi.

Jumamosi, 6 Juni
Balaa. Mfalme aliingia, watu wakapiga makofi, nikamgusa Muuguzi kwa kiwiko kumkumbusha. Kisha ukafika wimbo wa mapenzi, ambapo mfalme humpigia magoti msichana muuza maji. Hakupiga. Joho lilikataa! Alijaribu kwa mbele, akajaribu kwa ubavu, kitambaa kikatoa mlio uliosikika hadi viti vya nyuma. Mwishowe akaimba wima kama mlango, kwa sauti tamu ajabu. Muuguzi alikuwa anafuta machozi. Nilidhani ni ya kicheko. Yalikuwa ya kicheko na ya wimbo pia.

Mkahawani nilijifanya mwenyeji. Nikaagiza kwa kidole, kwa kujiamini, vitu vitatu kwenye menyu. Vyote vilikuwa vinywaji, na kimojawapo maziwa ya mgando yenye chumvi. Nikamwambia Waturuki huanza hivyo. Kebabu aliagiza yeye. Kahawa ilipokuja nikainywa hadi chini, mashapo yote, meno yakawa meusi. Mhudumu akasema taratibu kwamba mashapo huachwa. Nikasema najua.

Ndipo waigizaji wakaingia kula. Mfalme, sasa amevaa fulana, aliwauliza wenzake kwa sauti ni dobi gani aliyetaka kumzika akiwa hai. Nikainamia baklava yangu, kitafunwa chao cha asali na karanga. Muuguzi akaningoja nijitaje, kisha akasema, "Ni huyu hapa, kaka. Ameniambia mwenyewe." Mfalme akacheka, akavuta kiti. Wakazungumza juu ya magoti yake, ambayo yeye kama muuguzi alitaka kuyajua kwa undani. Baklava waliimaliza wao.

Jumatatu, 8 Juni
Muuguzi ameleta sare. Nikamwuliza kama siku ilimridhisha. Alinitazama bila hasira, jambo lililoniumiza zaidi.

"Joho nilikusamehe palepale," alisema. "Lakini ulipoulizwa ukainamia sahani. Hapo ndipo uliponichosha."

Nimeumia kweli. Nimeyatafakari maneno yake kwa makini na kosa nimelipata: wanga niliuweka mahali pasipofaa.

Alhamisi, 11 Juni
Joho limerudi kufuliwa. Safari hii nimeweka wanga kwenye mikono ya joho tu. Apige magoti atakavyo, lakini hatakumbatia mtu! Saa kumi mfalme akalifuata mwenyewe, akalijaribu mbele ya kioo. Mikono ikabaki wazi, haishuki wala haikunjiki. Mpango umefaulu! Wakati huohuo Muuguzi akaingia kuchukua sare, akamkuta amefungua mikono mbele yake. Akaingia humohumo mikononi, akicheka.

Shangazi akauliza ni nani aliyefanya upuuzi huu. Nikakumbuka somo la Jumatatu, nikajibu haraka kwamba ni mimi. Muuguzi akanishukuru kwa moyo mmoja.

Mfalme ameacha suruali yake nzuri niipige pasi. Jumamosi wanatoka, yeye na Muuguzi, wanarudi kwa Waturuki. Shangazi ameficha ndoo ya wanga. Najua alipoificha.