Darubini ya Gobore la Mjomba

Jumatatu, 9 Juni 2025, Chilangala
Nguruwe pori wamerudi. Wamefukua mihogo ya Mama mpaka karibu na choo! Wakiimaliza, hatuna chakula hadi msimu wa korosho. Mjomba Dauda anasema gobore lake halina kosa, macho yake ndiyo yamechoka. Analitafutia darubini. Eti Mwanaheri, yaani mimi, yuko sekondari, anajua Kiingereza, achague yeye. Nilitaka kusema sijui. Nikasema sawa, Mjomba.

Jumanne, 10 Juni, Masasi
Dukani kwa Alfani, Mkomaindo. Darubini mbili. Moja rahisi, nyepesi kama tochi ya watoto. Nyingine ghali, nzito, na karatasi ndefu ya maelezo. Nimeisoma yote. Maneno nayajua moja moja. Yakikaa pamoja, giza! Mjomba kauliza hiyo tisa iliyoandikwa juu yake ni ya nini. Nikamwambia inamleta mnyama karibu mara tisa. Kashtuka. Nguruwe akishafika hapo, yeye akimbilie wapi? Halafu akili ikanijia: tubebe zote, tukajaribu. Alfani kakubali, kabaki na simu ya Mjomba iwe rehani.

Alhamisi, 12 Juni
Ile rahisi tumeifunga kwa mpira wa baiskeli. Jirani yetu Dastani kafika alfajiri na kisu, maji ya kunyonyolea nguruwe kayaacha jikoni kwake. Mjomba kazi yake kuua tu. Sisi Waislamu nguruwe hatumgusi, nyama yote ni ya kina Dastani. Mjomba kalenga. Puu! Moshi. Nguruwe anatafuna. Papai la Dastani chini! Ukiitikisa darubini, kioo kinacheza ndani kama korosho kavu. Dastani kamwambia Mjomba, Baba Shamila, kesho lenga papai, huenda tukala nguruwe.

Ijumaa, 13 Juni
Zamu ya ile ghali. Mjomba kachungulia, nusura alie: anaona mpaka kope za nguruwe! Kavuta. Tik. Kavuta tena. Tik. Darubini nene, imekaa juu ya fataki inayowasha baruti. Nyundo ya gobore inagonga darubini! Nguruwe wamemaliza tuta zima huku tukiwaona vizuri sana. Dastani kalalamika maji yamechemka mpaka yamekauka. Mjomba hakunigombeza. Kauliza tu, taratibu, kama ile karatasi haikulisema hilo. Bora angenichapa.

Jumapili, 15 Juni
Mama kachoka nasi. Jana kang'oa mihogo yote iliyobaki, kamenya, kaanika juu ya bati la nyumba iwe makopa. Chakula kimepona! Nikapumua.
Leo asubuhi ngedere wako batini. Wanabeba makopa kwa mikono miwili! Mjomba kaja na gobore, kaniuliza kwa ngedere inafaa ipi. Sikujua. Nikakaza uso, nikamwambia ngedere ni mdogo, Mjomba, tufunge ile ndogo, ile rahisi. Karidhika kabisa. Sasa hivi anakata mpira, huku akilipima kwa jicho bati letu jipya.