Nirudishieni Baba Yangu Mchovu

Buganguzi, Muleba

Kwa Bi. Magdalena, Afisa Lishe

YAH: OMBI LA BABA YANGU KURUDISHWA KATIKA UZEE WAKE

Dada Magdalena, pokea salamu zangu za heshima, ingawa nimekasirika. Mimi ni Datius Lwakatare, mtoto wa kwanza wa Mzee Nathanael, yule wa kofia ya kijani aliyekaa mbele kwenye semina yako ya chakula cha wazee. Kabla ya semina tulikuwa na mzee mzuri kabisa: ananuna, analala, hasumbui mtu. Sasa anakula dagaa, maharage, mchicha na papai, na amani imetoweka. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Anaamka na furaha. Kabla hakujapambazuka anaimba besi ya kwaya dirishani kwangu, na mke wangu Annastella anaitikia.

2. Alikwisha kunikabidhi kibanja cha migomba mbele ya ukoo kwa sababu magoti yake yaligoma. Magoti yamerudi kazini. Juzi alikagua migomba yote, akaniuliza mbele ya jirani ni nani aliyenifundisha kukata majani vibaya namna ile. Ukoo umeitwa upya Jumapili. Nadhani nitaachiwa kuku tu.

3. Kwetu sahani ya mkuu wa nyumba hairudi jikoni na chakula. Yeye amezikataa ebitoke zake, ndizi za kupikwa na nyama ya mafuta, pamoja na pombe ya rubisi ya kushushia, lakini Annastella anaendelea kumpakulia kwa kuheshimu desturi. Unadhani anayemaliza ni nani? Nikishamaliza yangu namaliza na yake, kisha siinuki, na nanuna hadi jioni. Serikali ilipopanga lishe ya wazee haikunifikiria.

4. Anapanda mlima kwa miguu kumpelekea mapapai Bi. Celina, ambaye ni mjane. Nikipata mdogo wangu katika umri huu, nitakuletea umlee wewe.

Kwa hiyo naomba uje umwambie kwamba dagaa wana madhara. Si lazima iwe kweli. Akichoka kidogo tu, inatosha.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi, na mama anayewapikia uji.

Ni mimi niliyeelemewa na afya ya mwenzangu,
Datius Lwakatare

N.B. Mhudumu wako aliyekuja kumpima mzee alinikuta mimi nimejikunja kwenye kiti barazani. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, akanifunga kipimo cha presha. Ile presha iliyoandikwa kwa jina la baba ni yangu. Nina miaka arobaini na mbili, na nimeogopa kweli. Naomba mniandikishe kwenye semina ijayo ya wazee. Baba amesema atanishika mkono kwenye mlima wa kuja huko.