Bibi Harusi wa Ubavu wa Mbuzi

Leo nimeadhirika, jamani. Mchana kweupe, faili mkononi.

Nawaandikia kutoka intaneti kafe hapa mjini, vidole bado vinanuka mbuzi. (Aliyekuwa amekaa kompyuta ya pembeni ameshahama.)

Mnajua keshokutwa nina mahojiano ya viza Dar, ubalozini. Daudi yuko Uholanzi mwaka wa pili huu, na mimi ndoa ya kuongea kwa simu imenichosha. Nikinyimwa, sijui tutaonana lini. Kwa hiyo nilijiandaa. Mimi ni karani wa masjala, mafaili ndiyo kazi yangu! Cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, pasi, barua za Daudi kwa mpangilio wa tarehe, vyote vimetobolewa na kufungwa kamba. Mwisho kabisa, picha kumi na mbili za harusi, ili waone kwamba ndoa ni ya kweli.

Picha nilizichagua kwa makini. Mnamkumbuka shangazi yangu wa Buigiri alivyonisimamia siku ile? Bibi harusi haangalii watu usoni. Bibi harusi hacheki, kwani nani anafurahia kuwaacha wazazi wake? Kila nilipotaka kutabasamu, alinifinya kiunoni. Basi nikachukua zile ambazo niliinamisha kichwa vizuri zaidi. Kwenye mbili, machozi yanaonekana kabisa. (Hizo nikaziweka juu.)

Asubuhi mkuu wangu wa kazi akanipa ruhusa ya siku nzima. Kama kawaida yake akaniuliza, "Umeshakula, dada?" Wanaume wote wa ofisini kwetu huniuliza hivyo, huku wakitabasamu. Wana utu sana. Huwa nawaombea kanisani.

Saa tatu nikawa kwa wakili ili anigongee mihuri. Ni mzee mmoja mtaratibu, ameshawaandalia wengi makaratasi ya viza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione."

Akagonga, akagonga. Akafika kwenye picha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu, ulilazimishwa?"

"Kulazimishwa nini, mzee?"

"Kuolewa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi najua bibi harusi wa kwetu anavyokaa. Mzungu wa pale dirishani hajui. Ataona msichana analia picha kumi na mbili mfululizo, na mama mmoja kamkamata kiuno asikimbie." (Shangazi!) "Huna hata moja unayocheka?"

Ninayo. Moja tu, tena shangazi aliamuru ichomwe moto.

Jioni ya harusi, sijala tangu asubuhi, mimi na Daudi tulitoroka nyuma ya ukumbi kwa wapishi. Wakatupa ubavu wa mbuzi. Kwenye picha hiyo shela nimeitupia begani, mafuta yanashuka mpaka kwenye kiwiko, nacheka mdomo wazi mpaka magego yanaonekana. Daudi kashika bakuli la mchuzi chini ya kidevu changu, gauni lisichafuke. Mpigapicha akatuwahi. Baadaye alimwapia shangazi kwamba ameshaichoma.

Nikaenda studio kwake mbio mbio.

"Kaka, ile picha uliichoma kweli?"

Akaangalia viatu vyake. "Dada, picha nzuri vile mtu anaichomaje?"

"Iko wapi?"

"Nilimpa mwenye banda la nyama choma, kule nyuma ya soko. Aliipenda. Ipo ukutani mwaka wa tatu huu."

"Na mkanda wake, usafishe nyingine?"

"Mkanda waliula panya."

Nikatoka. Nyama choma na pombe! Mimi, mwanakwaya, sijawahi kukanyaga mahali pale. Nilisimama nje nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Halafu nikamkumbuka yule Mzungu wa dirishani, nikaingia.

Ilikuwa saa saba, saa ya kula. Pamejaa. Kelele zikakatika ghafla. Nikainua macho, na juu ya jiko nikajiona, ukubwa wa daftari la shule, na chini yangu wameandika kwa chaki: HAPA HATA BIBI HARUSI HANGOJI.

Na chini ya maandishi, mkuu wangu wa kazi, mfupa mkononi. Wenzake wote wa ofisini wapo. Hapo ndipo nilipoelewa ule utu wao wa kuniuliza kama nimeshakula. (Maombi yangu yote yale!)

Mwenye banda akatupa kisu mezani, akanisalimu Kigogo. "Mbukwa! Mwenyewe kaja!"

Watu wakapiga makofi. Mpishi akapiga kigelegele. Nikaeleza shida yangu nikiangalia sakafu, kama shangazi alivyonifundisha. Mwenye banda akakunja mikono.

"Unafanya kazi wapi, dada?"

"Masjala."

"Ahaa! Mimi nilipopunguzwa kazini, mlinizungusha pale masjala miezi minne. Lete cheti, lete nakala, thibitisha kwamba wewe ni wewe. Sasa na mimi nataka uthibitisho."

Nikafungua faili haraka. Pasi. Cheti cha kuzaliwa, na muhuri wa wakili haujakauka! Hata hakuangalia. Aliingiza mkono jikoni, akaweka ubavu kwenye sahani, akanisogezea.

"Wa ukutani anakula ubavu. Kula tuone."

Jamani, nilitaka kulia. Si kwa ajili ya ubavu, kwa ajili ya Daudi. Nilijiona narudi nyumbani na picha zangu kumi na mbili za msiba. Nikaushika kwa vidole viwili, nikamega kidogo, kistaarabu.

"Siyo yeye!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Siyo mimi? Nikaudaka kwa mikono yote miwili, nikauma. Mafuta yakaanza safari ya kwenye kiwiko. Na hapo mkuu wangu wa kazi, mtu mzima na tai yake, akanyanyuka na bakuli lake la mchuzi, akaja kulikinga chini ya kidevu changu.

Nikashindwa kujizuia. Nilicheka mdomo wazi, nyama imo, magego yote nje.

"Ndiye! Ndiye huyo!" Banda zima likasimama.

Mwenye banda akaitungua picha, akaifuta masizi kwa aproni. "Nenda kwa mumeo, dada. Nimeridhika. Mkirudi mje wote wawili, ukuta umebaki mtupu."

Nikarudi kwa wakili nikinuka moshi. Akaigeuza picha, akainusa, akaangalia tena mbele. Safari hii alicheka mpaka miwani ikateleza.

"Huyu hakulazimishwa na mtu," akasema, akagonga muhuri nyuma.

Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Picha nimeiweka juu kabisa, kabla hata ya cheti cha ndoa. Masjala hatupangi hivyo, lakini najua ninachofanya. Naiangalia tena sasa hivi hapa mezani, Daudi na bakuli lake, na sina wasiwasi hata kidogo na huyo Mzungu.

Kesho asubuhi napanda basi. Shangazi asijue lolote. Na nyie, tafadhali, msicheke. Kicheko chenye muhuri wa wakili hapa ninacho mimi peke yangu.