Udongo Wangu na Farasi wa Kanisani

Ijumaa, 11 Agosti
Padri Efisio katangaza. Siku farasi wa mtaa wetu atakapobarikiwa kabla ya mbio, itatundikwa kanisani picha moja tu ya rangi za maji. Fosca, muuza vitambaa, ameshinda miaka mitatu mfululizo. Safari hii atanitambua! Yeye hununua dukani rangi ya kahawia, inayotengenezwa kwa udongo wa Siena. Mimi, Ubaldo, mzaliwa wa Siena, ninunue udongo wa kwetu? Aibu! Nimechimba mwenyewe kilimani, wa manjano, ndoo nzima. Mgongo umekufa.

Jumapili, 13 Agosti
Kura za kugawia mitaa farasi zimepigwa. Tumepata farasi wa kahawia. Mungu yupo! Udongo huu ukiokwa hugeuka kahawia nyekundu, rangi yake hasa. Nimeuoka kwenye oveni ya mke wangu Norma, pamoja na bata wake. Bata katoka na rangi ya kupendeza. Norma haoni uzuri huo. Fosca kapita, kaniuliza kama nimetia gundi ya kushikisha rangi kwenye karatasi. Nikamwambia gundi ni ya mafundi viatu.

Jumanne, 15 Agosti
Imechaguliwa yangu! Padri anasema hajaona kahawia yenye joto namna hii. Fosca kavimba kama andazi. Nimelala mchana kwa raha.

Jumatano, 16 Agosti
Kanisa pomoni. Macho yote mkiani mwa farasi: akinya humu ndani, ushindi wetu. Wapi! Hakuangusha hata punje. Watu wakaanza kunung'unika. Mara kengele ikalia, ukuta ukatikisika, na udongo wangu mkavu ukaporomoka wote kutoka kwenye picha. Chungu ya kahawia sakafuni!

“Kanya!” akapiga kelele mchinjaji. “Jamani, wa kwenye picha kanya!”

Vifijo. Nikabebwa juu juu. Fosca peke yake alinyoosha kidole ukutani: farasi wangu sasa mweupe pe. Wivu tu.

Alhamisi, 17 Agosti
Kashinda farasi mweupe wa mtaa wa mahasimu wetu. Wetu kawa wa mwisho. Wanasema nimewapigisha watu magoti mbele ya farasi wa adui. Muuza mkate hanisalimu. Norma analia. Imeniuma, sifichi.

Lakini kosa nimeliona: nilichora farasi wa kwetu. Mwakani nitawachorea mahasimu farasi wao, mkosi uporomoke kwao. Barua ya kuwaahidi zawadi hiyo nimeipeleka mwenyewe, mchana kweupe, skafu ya mtaa wetu shingoni.