Profesa wa Nyuki na Nta Nyeusi ya Mzee Lugembe

Gazeti la juzi lilifika na treni ya leo, na Balozi Mabruki akalikalia ili mtu asilisome kabla yake. Yeye ndiye muuza kahawa wetu njia ya Kitete, tena ndiye balozi wa nyumba kumi. Ukigombana naye umekosa kahawa na barua ya utambulisho kwa mpigo.

"Sikilizeni, wananchi! Kiwanda kipya cha nta kinatafuta mtaalamu wa nyuki!"

Sote tukamgeukia Anselm wa Itetemia, mhadhiri msaidizi kule chuo kikuu cha Mlimani, yuko likizo. Sisi tunamwita Profesa kabla ya wakati. Kahawa yake ilikuwa imepoa tangu asubuhi.

"Wamekwishanipata," akasema. "Wanataka telegramu leo, kabla posta haijafungwa. Ndiyo au siyo."

Mwanne, muuza kashata, akadakia, "Kuna Landrova?"

"Ipo, dada Mwanne."

"Sasa unawaza nini?"

"Mama ametangazia parokia nzima kwamba mwanawe atakuwa daktari asiyechoma sindano. Imebaki miaka miwili nipate shahada hiyo. Nikitoka chuoni, kiti anakalia mwingine. Sirudi."

"Usitoke!" Balozi akagonga birika. "Taifa limekusomesha ukauze mishumaa? Huo ubepari!"

"Balozi, kiwanda ni cha umma."

"Basi ni ubepari wa umma! Waache nyuki na ujamaa wao. Kijiji kimoja, kazi ya pamoja, hakuna anayeuliza mshahara."

"Wana malkia," Mwanne akamchokoza.

Balozi akafikiri. "Mwenyekiti wa kike."

"Na madume wasiofanya kazi?"

"Hao... hao ni kupe."

"Nilidhani ni wanywa kahawa," akasema Mwanne, akitutazama mmoja mmoja.

Nikapanda juu ya benchi. Mimi Abasi, jina la kijiwe Vina, ushairi sikufundishwa na mtu, na anayedhani nitanyamaza jambo la taifa likijadiliwa hanijui:

"Msomi shuka kitini, asali haina wino,
Nyuki wako mizingani, hawajui malumbano!"

"Shuka wewe kwanza," akasema Balozi. "Benchi lina mguu mbovu."

Hapo akafika Mzee Lugembe, mrina asali, jina la kijiwe Moshi, kwa kuwa ukimkumbatia Jumatatu utanuka mpaka Ijumaa. Hakungoja shikamoo zetu. Alibwaga juu ya gazeti bonge la nta, jeusi kama lami.

"Wameikataa tena! Mwaka wa tatu! Karani wa ushirika anataka ya manjano. Niipake rangi?"

Anselm akalinyanyua bonge, akalinusa, akalikwaruza kwa ukucha.

"Baba, hii imeyeyushwa kwenye debe?"

"Debe la mafuta ya taa."

"Lina kutu?"

"Debe gani halina kutu?"

"Basi mchawi ni hilo debe. Chuma ndicho kinachoitia nta weusi. Iyeyushwe kwenye sufuria ya alumini, kwa maji ya mvua na moto mdogo, ichujwe kwa gunia. Itatoka kama kiini cha yai."

Balozi akaweka birika chini.

"Umelijua hilo lini?" Mzee Lugembe akauliza polepole.

"Mwaka wa nne huu. Niliandika makala, ikachapishwa Uingereza."

"Wameisoma wangapi?"

"Kama kumi na mmoja."

"Wana mizinga?"

"Hawana, baba. Mmoja ana paka."

Mwanne alicheka mpaka akalishikilia sinia lake la kashata kwa mikono miwili. Hata Anselm alicheka, kisha akalitazama lile bonge kwa muda.

"Kazi ya kiwandani ndiyo hiyo," akasema. "Kuzunguka Urambo mpaka Sikonge, mrina kwa mrina, nyumba kwa nyumba, kuwaambia waache madebe."

"Basi nenda, mwanangu!" Mzee Lugembe akaruka. "Nenda hata kwa miguu! Babu zetu walitoka hapa na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, nani aliwauliza shahada?"

"Natengua kauli," Balozi akasema. "Kiongozi husikiliza wananchi. Siyo ubepari tena."

"Na mama yako?" nikauliza.

"Atalia. Nitakaa naye mpaka anyamaze." Anselm akasimama, akatupa ile kahawa iliyopoa. "Nawapelekea ndiyo."

Akashika njia ya posta, mbiombio kama mtu anayeogopa miguu yake itabadili mawazo.

Mzee Lugembe alimsindikiza kwa tabasamu. Ghafla tabasamu likakatika.

"Amesema nyumba kwa nyumba?"

"Nyumba kwa nyumba," Balozi akathibitisha.

"Mpaka kwangu?"

"Kwako ataanzia."

Mzee akajishika kichwa. "Nimekwisha! Anayeyeyusha nta ni mke wangu Imakulata. Aliomba sufuria, nikamwambia sufuria ni anasa, nikamletea debe. Miaka mitatu namsema anaunguza nta kwa umbea! Nimemshitaki mpaka kwao, wakwe wakatoa mbuzi wa kuniomba radhi!"

"Mbuzi yuko wapi?"

"Nimemla!"

Akachomoka mbio kuelekea posta. "Profesa! Rudi chuoni! Usishushe elimu hivyo! Andika Kiingereza, mwanangu!"

Mwanne akajitwika sinia lake, akashika njia ya upande wa pili.

"Unakwenda wapi na kashata hujauza?" nikamuuliza.

"Kumsalimu Imakulata."

Alisema kwa sauti ya kutosha. Mzee Lugembe akasimama kati ya barabara, akatazama posta, akamtazama Mwanne, hajui amkimbilie nani kwanza.