Nyumba ya Bibi na Sheria ya Futi Tano

Jumatatu, 9 Juni
Sheria mpya ya jimbo imetufikia hata huku kijijini Dry Mule. Futi tano kuzunguka kila nyumba pasiwe na kitu kinachoshika moto. Si kuni, si majani makavu, si kichaka. Nimeisoma mwenyewe, ukurasa wa kwanza. Zilizobaki ni kurasa za wanasheria, na mimi shule niliiacha kabla haijaniharibu.

Bi Quintero wa zimamoto kaja, kakagua, kabandika kadi nyekundu mlangoni. Tumeshindwa. Anarudi Ijumaa. Tukishindwa tena, kampuni ya bima inamtema Bibi Verla, ninayekaa kwake, na shangazi keshasema Bibi bila bima atahamia kwake, ghorofani mjini Fresno. Kule kuna kochi moja tu. Si langu.

Kosa letu ni moja: mreteni, kile kichaka chenye utomvu unaoshika moto upesi. Umeegemea ukuta wa jikoni kama mlevi. Babu aliupanda mwaka aliomwoa Bibi. Nikasema niukate. Bibi kasema nikiugusa nimkate na yeye, nianzie miguuni.

Jirani yetu wa chini mteremkoni, Kip Haldorsen, kafaulu mara ya kwanza. Kokoto nyeupe kuzunguka nyumba nzima. Kaegemea uzio akaniuliza, "Vipi Lonnie, Fresno joto lake utaliweza?" Kip anajitolea zimamoto. Wamempa fulana ya njano, anaivaa hata akienda kununua maziwa.

Jumanne, 10 Juni
Nina mpango. Jimbo lina programu ya mbuzi: wanakodishwa ili wale vichaka kabla moto haujavila. Bibi kakataza mimi nisikate. Mbuzi hakuwataja.

Nikamwendea Mzee Iturri, mhamiaji wa Kibaski mwenye mbuzi. Kanipa wale watukutu, kasema wazuri wako kazini.

Wamekula kadi nyekundu. Wamekula kapeti la mlangoni, soksi za Bibi za kanisani, na mawaridi yote ya Kip. Mreteni wameunusa, wakaugeuzia mkia.

Kip kaja juu kweli. Nikamweleza kwamba waridi nalo linashika moto, nimemsaidia kutii sheria. Hakushukuru.

Jumatano, 11 Juni
Nilitambaa chini ya nyumba kumtafuta mbuzi mmoja. Sikumpata. Nilipata magurudumu.

Nilikuwa nimesahau. Nyumba ya Bibi ni ile ya bati ya kuvutwa. Babu aliifikisha hapa nyuma ya lori, kisha akaifunga mbao chini ili ionekane na heshima. Na sheria inapima kutoka ukutani hadi kichakani. Haikusema nani kati yao asogee.

Nikacheka peke yangu kule chini mpaka mbuzi wakaja kuchungulia.

Jioni nikaenda kuazima trekta la Mzee Iturri. Kaniuliza, "Sasa kijana, si ukate tu?" Nikamwambia ndivyo wanavyofikiri wasio na akili. Kapiga ishara ya msalaba, ila ufunguo kanipa.

Alhamisi, 12 Juni
Siku kubwa. Mabomba ya maji na gesi nimeyafunga na kuyachomoa asubuhi, mimi si mjinga. Nimetoa mbao, nimejaza magurudumu upepo. Bibi alikuwa ndani anatazama runinga. Nikamwambia natengeneza ngazi.

Trekta likavuta. Nyumba ikaguna, ikafuata. Futi tano na ziada. Nikafungua trekta, nikaifunga nyumba kwenye nguzo kwa kamba ya katani, nikaenda kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu.

Nyumba ilitulia. Mbuzi hawakutulia. Kamba ya katani, kumbe, ni tamu kuliko mreteni.

Niliporudi, nyumba ilikuwa inanipita. Taratibu, kama bibi harusi. Bibi yuko dirishani na kikombe cha kahawa. "Lonnie, mbona tunaondoka?"

Nikamjibu ni ukarabati.

Imeteremka, imelaza uzio, imesimama kwenye kokoto za Kip, ubavu kwa ubavu na nyumba yake. Kahawa haikumwagika. Dirisha la Bibi sasa linatazamana na sinki la Kip. Kip alitoka na fulana yake ya njano, akaanza kuokota mbao za uzio. Siku tamu kuliko zote mwaka huu.

Ijumaa, 13 Juni
Bi Quintero kafika. Kasimama kwanza pale juu, akautazama mreteni umebaki peke yake kama mjane. Kashuka na futi kamba yake. Kapima pande zote, na Kip, kwa kuwa ndiye wa kujitolea, ndiye aliyeshika ncha ya futi kamba.

Kokoto: safi. Kuni: hakuna. Mreteni: uko mbali.

Tumeshindwa.

Ndani ya futi tano za nyumba ya Bibi kuna kitu kimoja kinachoshika moto, kasema Bi Quintero. Nyumba ya Kip. Ni ya mbao tupu. Kaandika kwenye kadi: kiondolewe. Kip kasoma, akakaa chini kwenye kokoto.

Nikalialia kidogo. Bi Quintero katuongezea wiki, ya mwisho. Shangazi kapiga simu, anakusanya maboksi.

Jumamosi, 14 Juni
Bibi kaniita asubuhi. Kasema tangu aolewe hajawahi kuutazama ule mreteni kwa mbali. Kumbe ni mbaya, na Babu alijua. Kanipa msumeno. Nivute nyumba mahali pake, niukate, yaishe kabla ya chakula cha mchana.

Nimemwambia asiwe na haraka. Kichaka kila mtu anaweza kukata. Kadi ya serikali imesema kiondolewe nini? Nyumba ya Kip.

Trekta bado ninalo. Nimetambaa chini ya nyumba ya Kip, nimekagua mwanzo mpaka mwisho. Haina magurudumu.

Kesho namwendea Mzee Iturri kuulizia magurudumu.